Tonge la Silinda ya Tatu

Wanaosema chuma hakina tumbo hawajawahi kula chakula cha mchana katika karakana ya ushirika pale Mbinga, miaka ile Azimio lilipokuwa bado jipya na kila mtu akiitwa ndugu, hata yule usiyempenda. Asiyesadiki na asisadiki. Wendelin mwenyewe hakusadiki, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu.

Jambo lilianza na samaki mmoja. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya Wamatengo, na Wendelin alikuwa amelala chali chini ya gari dogo la viti viwili. Akasogeza karai, akafungua nati ya kumwagia oili. Alitegemea oili nyeusi. Yakatoka maji, maangavu, ya baridi, yenye harufu ya ziwa, na ndani ya maji akatoka usipa, yule dagaa mwembamba wa Ziwa Nyasa, akaangukia karaini akawa anarukaruka. Gari lilikuwa limesimama bandani kiangazi kizima. Buibui walishatanda nyuzi zao kwenye magurudumu.

"Damiano," Wendelin akaita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Damiano alikuwa mdogo wake, mchomeleaji wa karakana, mtu wa mizaha tangu utotoni. Baba na mama yao walifariki mapema, na Wendelin alimlea kwa mgongo wake na kwa jembe lake, akampeleka misheni kujifunza kazi. Hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Damiano akachuchumaa, akamtazama samaki.

"Huyu amefufuka, kaka. Mpeleke kwa padri."

Akamtupia paka wa karakana. Paka akamnusa usipa, akarudi kinyumenyume, akatoka mlangoni. Hakuonekana tena pale.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, halina paa, pua ndefu, tumbo karibu liguse ardhi. Lilikuwa gari la mashindano, lililotengenezwa kwa barabara za lami za Ulaya, si kwa mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Mwenyewe alikuwa mzungu mnunuzi wa kahawa. Siku alipoambiwa kwamba kahawa sasa itanunuliwa na ushirika peke yake, alilikimbiza mteremko mzima mpaka likazama ziwani, wala hakukanyaga breki. Wavuvi walilivuta kwa kamba. Mzungu hakuonekana, si mzima si maiti, na wale wavuvi waliapa kwamba walipokuwa wanafunga kamba, injini ilikuwa bado inanguruma chini ya maji. Huku juu watu walicheka. Mnyasa, walisema, akikosa samaki atakuletea hadithi.

Aliyelichukua baadaye ni Ndugu Mwinshehe, afisa kilimo aliyehamishiwa huku kutoka Morogoro, kijana mtanashati aliyeilalamikia baridi ya Mbinga kila siku ya Mungu. Azimio liliwakataza viongozi kujikweza, lakini Mwinshehe alisema gari lisilo na paa haliwezi kumkweza mtu, mvua itamshusha tu.

"Fundi, wewe ndiye daktari," alimwambia Wendelin. "Ama umponye moyo wake, ama umtie mwingine. Mimi nataka lipande mlima wa Maguu bila kukohoa."

Wendelin akamfungua mgonjwa. Injini ilikuwa imenyonya maji ikiwa inazunguka kwa kasi yake yote, na maji hayakubali kubanwa, kwa hiyo vyuma ndivyo vilivyosalimu amri. Mikono miwili ya pistoni ilikuwa imepinda. Ubavuni mwa bloku, kwenye silinda ya tatu, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja, mwembamba, kingo zake safi. Wendelin akaupitisha kidole. Ulikuwa wa vuguvugu, ingawa bloku ilikuwa imekaa mezani usiku kucha na baridi ya mwezi ule ilikuwa inauma. Akajifuta kidole kwenye suruali, akaendelea na kazi.

Sasa ilibaki kuamua. Na kwa Wamatengo jambo haliamuliwi na watu wenye njaa. Wana sengu: wanaume wa ukoo huketi pamoja, chakula huletwa kutoka kila nyumba kikawekwa katikati, na hapo wanapokula ndipo wanapoongea. Katika sengu ya akina Wendelin mkubwa alikuwa akimega tonge, anampa mmoja, naye akishalipokea anasema neno lake. Aliyepewa tonge lazima asikilizwe. Na aliyekula sengu hafukuzwi, awe kilema, awe mlevi, awe mwizi wa mbuzi, maana ameshakuwa wa pale. Wendelin alikulia katika desturi hiyo kule Maguu, na alipopata ukubwa wa karakana akahamia nayo. Walikuwa watatu: yeye, Damiano, na Evarist dereva wa lori, Mnyasa wa Chiwanda aliyeshazoea kutaniwa. Domitila, mkewe Wendelin, alileta ugali na maharage, wakaviweka juu ya bloku yenyewe, kwa kuwa meza nyingine zote zilikuwa zimejaa vyuma.

Wendelin akamega, akampa Evarist. "Haya, sema, mtani."

Evarist alitafuna kwanza. "Chuma hiki kirudi ziwani. Shangazi yangu anasema ziwa halitapiki. Ukiona limetoa kitu, ujue limekituma."

Damiano akapewa lake. "Mimi sina habari na ziwa. Kuna Landrova ilipinduka kule Kitura, injini yake nzima kabisa. Nikate vishikio, nichomelee vingine, tuiingize humu. Ndugu Mwinshehe atavuta hata trela la mahindi."

"Ndiyo kumpa swala moyo wa ng'ombe," Wendelin akasema. "Mimi naona tuushone mpasuko. Natoboa tundu kando ya tundu, napigilia vipini vya chuma, nasawazisha. Mikono tunainyoosha. Injini ya mashindano hukutani nayo mara mbili katika maisha, Damiano."

Basi kila mmoja akawa na lake. Mvua ilikuwa inapiga bati vizuri, tumbo limeshiba, na Wendelin alikuwa na furaha. Ndipo akafanya kosa ambalo hata mjinga wa kabila jingine asingelifikiria. Akamega tonge kubwa, akalifinyanga likawa duara, akalichovya kwenye mchuzi, akalitumbukiza katika silinda ya tatu.

"Mgonjwa mwenyewe hatujamwuliza," akasema. "Pokea. Sema neno lako."

Wakacheka wote, Damiano zaidi. Kisha akainama kulichungulia lile tonge, akaacha kucheka. Silinda ilikuwa tupu. Akapitisha mkono chini ya bloku, kwenye ubao wa meza, mkono ukatoka mkavu. Kuta za silinda, zilizokuwa na kutu asubuhi, ziling'aa kama zimelambwa. Halafu kutoka kwenye mpasuko ikatoka pumzi ndefu ya vuguvugu, ikawapita usoni. Ilinuka maharage.

"Umempa tonge," Evarist akanong'ona.

"Ni utani tu."

"Kwenu sengu ni utani?"

Wendelin akasogeza sahani kando. Aliona haya, na haya ikamfanya afunge shauri kwa haraka. Akasema watafuata neno la Damiano, wataweka injini ya Landrova, na ile bloku itatolewa nje. Hakusubiri neno lingine. Akanawa mikono.

Kesho yake wakaifunga bloku kwa mnyororo ili waitoe kwa winchi. Mnyororo ule ulikuwa umenyanyua injini za malori miaka nenda miaka rudi. Evarist alikuwa anaielekeza bloku kwa kiganja, taratibu, huku anapiga mluzi, mara pete moja ya mnyororo ikafunguka. Evarist alikuwa mwepesi, aliruka kando. Bloku haikuanguka chini kama kitu kinavyoanguka. Ilipinda hewani ikamfuata alikorukia, ikamshukia mguuni chini ya goti, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Wendelin akashika mtaimbo, akaupenyeza chini ya chuma, akakandamiza kwa uzito wake wote huku damu inatiririka kwenye saruji kuelekea kwenye bloku, mahali ambapo sakafu ilipanda.

"Kaka," sauti ikasema karibu na sikio lake.

"Shika mguu, Damiano, mimi nanyanyua."

"Kaka. Neno langu hamkulisikia."

Wendelin akageuza shingo. Damiano alikuwa mlangoni, mgongo umewaelekea, anawaita watu wa ghala la kahawa.

Evarist akapelekwa hospitali ya misheni. Mguu haukuokoka. Wendelin alipokwenda kumwona, Evarist alimwambia amekwisha kutuma mtu Chiwanda akamwite shangazi yake, Bibi Kunigunda, ambaye hujua kuongea na vitu vya ziwani.

"Mpaka afike, usiiguse," akasema. "Na mdogo wako asiwe karibu nayo. Ni neno lake lililoishinda."

Hilo ndilo lililomkaa Wendelin moyoni. Mguu wa Evarist, aliyetaka irudi ziwani, ulikuwa umekwisha kwenda. Aliyebaki ni Damiano. Akamwambia mdogo wake akae nyumbani, asaidie Domitila kuanika kahawa, na Damiano akacheka akasema kaka amezeeka kabla ya mvi. Lakini alikaa.

Ndugu Mwinshehe hakukubali gari lake lisimame kwa ajili ya mnyororo mbovu. Aliita mafundi wa idara ya barabara, wakaiingiza injini ya Landrova, wakafunga. Damiano alikuwa ameshachomelea vishikio, na kazi yake ilikuwa safi. Siku ya kuwasha, mchana kweupe, boneti wazi, Mwinshehe akaketi kwenye usukani amevaa miwani ya jua katikati ya ukungu. Injini ikawaka mara moja. Ilinguruma kwa sauti nzuri, ya kizalendo, ya gari la shamba. Mwinshehe akatabasamu. Kisha, kutoka pembeni ya karakana, kule ile bloku tupu ilikokuwa imewekwa juu ya mbao, isiyo na pistoni wala mafuta wala moto, ukatoka mngurumo mwingine, mwembamba na mkali, unapanda, unapanda, na injini ya Landrova ikapanda nao ingawa hakuna aliyekanyaga mafuta, mpaka gari zima likawa linatetemeka na misumari ya bati inalia juu. Wendelin alikimbilia betri. Hakuifikia. Feni ikakatika, pangaboi moja likaruka, likapasua kioo cha mbele, likamfyeka Mwinshehe sikio na nusu ya shavu, likaenda kukita kwenye nguzo ya mlango. Pangaboi la pili lilipenya ubavuni mwa mtu mmoja wa barabara, na yeye hakuamka tena.

Mwinshehe alitolewa akiwa ameshikilia uso kwa mikono yote miwili, damu inapita katikati ya vidole, huku anasoma Ayatul Kursiyu kwa meno yaliyokuwa yanaonekana pale ambapo shavu lilikuwa. Alipomaliza kusoma akamvuta Wendelin kola.

"Kwetu hili tunalijua jina lake," akasema kwa taabu. "Hilo ni jini, fundi. Mmelifanya nini nyinyi?"

Wendelin alimwona yule maiti, akaiona suruali yake mwenyewe imeloa damu ya mwenzake mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli, hofu ya mtu anayejua kwamba kosa ni lake.

Bibi Kunigunda alifika kwa lori la mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye rozari shingoni na hirizi mkononi, na hakuona ugomvi kati ya vitu hivyo viwili. Wendelin akampokea nyumbani kwake, mita chache kutoka karakanani, akamsalimu kwa magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mna mgeni."

Wendelin akamweleza yote, samaki, mpasuko, sengu. Alipofika kwenye tonge, bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulimega wewe?"

"Mimi, bibi."

"Ukampa, ukamwambia aseme neno, halafu hukumsikiliza." Akatikisa kichwa. "Nyinyi Wamatengo mnalisha kila kitu. Mimi, mwanangu, nafukuza wageni. Mgeni nikimfukizia ubani na majani ya ziwani, anakumbuka kwao, anakwenda. Huyu si mgeni tena. Amekula sengu yako, amekuwa mdogo wako. Ndiyo maana anakuita kaka. Na anaona una mdogo mwingine, aliyesikilizwa kuliko yeye."

"Anataka nini?"

"Anataka kutengenezwa. Ulisema mwenyewe mpasuko wake utaushona. Lakini yeye hataki vipini vya chuma, maana ndugu hushonwa kwa ndugu."

Domitila, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo, akauweka chini. "Hakuna njia, bibi?"

"Ipo moja, na si nzuri. Tonge likiwa mkononi mwa aliyelimega bado ni lake, halijaliwa. Akilishika tena yule aliyelitoa, na akalishikilia, basi huyo kiumbe hajala kitu kwenu, wala si ndugu wa mtu. Hapo mnaweza kumrudisha alikotoka." Akamtazama Wendelin mkono wa kulia. "Lakini ajue kwamba huyo hatauachia mkono urudi na tonge lake. Hilo ulifikirie vizuri."

Wendelin alikuwa anafikiri alipoona kwamba uwanja wa kuanikia kahawa ulikuwa mtupu.

"Damiano yuko wapi?"

"Si umemwita wewe," Domitila akasema. "Nimesikia sauti yako kutoka karakanani nilipokuwa uani, kabla sijaja hapa. Ulisema, Damiano, njoo unishikie spana."

Wendelin alikimbia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, na alipokuwa anakimbia aliisikia sauti yake mwenyewe ikimtangulia humo ndani, tulivu, ya kazini, inasema shika hapa, vizuri, ingiza zaidi, ingiza zaidi mdogo wangu, na juu yake akaisikia sauti ya Damiano, ambayo haikuwa inasema chochote, ilikuwa inalia tu kama ya mtoto aliyeungua, na alipousukuma mlango akaona mdogo wake amepiga magoti mbele ya bloku, mkono wake wa kulia umezama katika silinda ya kwanza mpaka kwenye kiwiko, ingawa silinda ile haikuwa na kina cha kuumeza mkono wa mtu na chini yake kulikuwa na mbao tupu, na bloku ilikuwa inapumua, ubavu wake unatoka na kuingia, na kila ulipoingia Damiano alivutwa kidogo zaidi, na ule mpasuko kwenye silinda ya tatu, ambao Wendelin alitaka kuushona kwa chuma, ulikuwa unajifunga wenyewe kutoka chini kwenda juu, kingo zake zimelowa, nyekundu, zinashikana kama midomo.

Wendelin akapiga bloku kwa nyundo kubwa. Nyundo ikarudi ikamvunja pua. Akaipiga tena, na tena, mpaka mpini ukapasuka kiganjani, na chuma hakikupata hata alama.

"Unanipiga mbele ya ndugu yetu, kaka," sauti ikasema kutoka ndani.

Bibi Kunigunda alishafika mlangoni, anahema. Wendelin alimwona Damiano macho yameanza kugeuka meupe, uso umekuwa wa kijivu, na hapo hakukuwa na cha kufikiri tena. Akatupa mpini. Akapiga magoti upande wa pili wa bloku, akaongea kama mkubwa anavyoongea kwenye sengu, bila kupandisha sauti.

"Hukuketi hapa kwa haki yako. Nilikuketisha mimi. Tonge ni langu, nami sikukupa kwa moyo. Nakuja kulichukua."

Akatumbukiza mkono wa kulia katika silinda ya tatu. Mwanzoni ilikuwa baridi ya maji ya kina, baridi iliyopanda mpaka begani, na vitu vyembamba vilipita katikati ya vidole vyake vinarukaruka. Kisha akaligusa. Lilikuwa bado la moto, laini, limelowa mchuzi, kama limetoka sufuriani sasa hivi. Akalifumbata.

Silinda ikafunga. Alisikia mifupa ya kifundo inasagika na akapiga yowe ambalo watu wa ghala walilisikia, lakini ngumi hakuifungua. Upande wa pili Damiano akatapikwa, akaangukia mgongo, mkono wake umechunwa ngozi kuanzia kiwiko hadi kucha, lakini upo, na vidole vyote vipo.

"Achia, kaka," sauti ikasema, sasa ya upole. "Achia nikuachie. Tutakula pamoja sote."

"Ukiachia atamrudia mdogo wako," Bibi Kunigunda akasema kutoka mlangoni.

"Najua." Wendelin akakaza ngumi humo ndani. "Damiano. Kuna shoka nyuma ya mlango."

Damiano alikaa pale chini, anauliza kwa macho.

"Mdogo wangu, katika sengu sijawahi kukuamuru. Nilikusikiliza siku zote, hata ulipokuwa mtoto. Leo sikusikilizi. Chukua shoka."

Damiano alilishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukushika kitu. Alilia, akasema hawezi, na Wendelin akamwambia anaweza, akamwonyesha pa kupiga kwa kidevu. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, likagota mfupani, na Wendelin akajiuma ulimi mpaka kipande kikatoka. La pili lilipita. Kutoka ndani ya bloku ikatoka sauti ambayo haikuwa tena ya mtu yeyote waliyemjua, si ya mzungu wala ya Wendelin, ikapanda kama injini inayokosa mafuta, ikakatika. Mpasuko ukaachana ukawa wazi kama ulivyokuwa mwanzo. Mkono wa fundi ulibaki ndani, ngumi imefumbwa.

Bibi Kunigunda alikifunga kigutu cha Wendelin kwa kanga ya Domitila na kuiziba ile silinda kwa nta na kwa kipande cha rozari. Siku hiyohiyo watu wa ghala waliipakia bloku, wakashuka nayo Mbamba Bay, wakaipeleka kwa mtumbwi mkubwa mpaka kwenye kina kirefu, wakaiachia. Haikurusha hata povu. Gari la damu ya mzee lilibaki bandani bila injini, kuku wakatagia kwenye viti vyake, na Ndugu Mwinshehe, aliyehamishiwa mkoa mwingine kwa maombi yake mwenyewe, hakuuliza habari zake.

Hadithi ingeisha hapo, na Damiano huimalizia hapo anapoisimulia. Alipona. Mkono ulibaki na makovu lakini uliweza kushika koleo la kuchomelea. Alioa binti wa Maguu anayeitwa Ephrasia, akapata mtoto wa kiume, akampa jina la kaka yake. Mbele ya wageni husema, kila ninapomega tonge, ni kwa mkono alioninunulia huyu hapa, na Wendelin hutazama chini.

Kwa sababu mkono haujafa. Hilo hakumwambia mtu isipokuwa Domitila, na Domitila alilijua kabla ya kuambiwa, tangu siku alipofungua bandeji ya kidonda kilichokwisha kukauka, yakatoka maji maangavu ya baridi, na usipa akaangukia karaini, mzima. Wendelin anausikia mkono wake kule chini, usiku na mchana, umeloa, umefumbata tonge ambalo halipoi. Na anamsikia aliye nao humo. Yule hana haraka. Anapapasa ngumi, anatafuta kidole, anakiinua polepole, na Wendelin lazima akaze. Akiwa macho anakaza. Akisinzia, hulegea. Msimu wa mvua ulipokwisha kidole cha mwisho kilikuwa kimeshakunjuliwa. Wakati wa kuvuna kahawa kikafuata cha pete, kisha cha kati, usiku mmoja wa homa ambao Domitila alimpiga makofi ili aamke, akachelewa.

Mchana mmoja wa manyunyu walikuwa wameketi karakanani, yeye na Damiano na Evarist mwenye magongo yake, sahani katikati, dagaa na ugali. Siku hizi Damiano ndiye humega, na humwekea kaka yake tonge katika mkono wa kushoto kwa heshima. Wendelin alikuwa hajalala tangu juzi. Mvua kwenye bati ilikuwa inambembeleza.

"Kaka, mbona jasho," Damiano akasema. "Na bega hilo, unakaza nini?"

Wendelin akamtazama mdogo wake, mashavu yamejaa, mafuta ya dagaa kidevuni.

"Hakuna kitu. Ongea tu," akamwambia. "Simulia chochote, mdogo wangu, usinyamaze. Nisije nikasinzia."

Damiano akafurahi. Akajisogeza vizuri, akajifuta midomo, akaanza ile ya injini iliyolishwa ugali, anamwigiza Mwinshehe na miwani yake, na Evarist akawa anatikisa kichwa huku anatabasamu. Wendelin akaitikia ehe, ehe, macho yamemtoka. Katika mkono ambao hakuwa nao, kitu cha baridi kilikuwa kimekwisha kukipata kidole cha shahada, kinakiinua taratibu kutoka kwenye tonge. Kilibaki hicho na gumba. Damiano alikuwa amefika pale ambapo watu hucheka.